Nyuzi

Saa tisa na dakika kumi usiku simu ilitetema kifuani:
mlango wa nyuma umefunguliwa.
Nilikuwa nimelala ndani ya lori, nje ya Saragosa,
tani ishirini za machungwa mgongoni,
na sheria ikinikataza kugusa usukani hadi saa kumi na moja.

Kwetu Latgale ilikuwa saa kumi tayari, theluji imefika madirishani.
Mama yuko peke yake na paka na jiko la kuni
na vitambuzi vitano nilivyonunua kwa mafungu:
cha mlango, cha moshi, cha pampu ya kisima,
cha baridi,
na kamera yenye jicho la ukubwa wa kunde.

Aliponiona nikiibandika juu ya kabati aliuliza,
"Inakula nini?"
"Umeme kidogo, Mama. Na waifai."
"Basi isinitazame nikila."
Nilipovuka mpaka tu, akaifunika kwa shali.
Wasemao macho hayana pazia
hawamjui Veneranda.

Tangu hapo, kila nikifungua simu nimwone mama
naona nyuzi: nyekundu, buluu, nyekundu,
na pembeni mwa nyuzi hizo, nyuzi nyingine, za joto.
Kumi na tisa, kwa kawaida.

Sasa kumi na saba.
Mlango bado wazi.
Kumi na sita.
Nikabonyeza, na hita ya ukumbini ikaitika, kilomita elfu tatu,
kama mtumishi mwema asiyejua kuuliza sababu.
Nikawasha taa ya ukumbi. Nikawasha taa ya ua.
Nikawasha hata birika.
Naweza kuchemsha maji katika nyumba ile
nikiwa nimevua viatu Uhispania;
kuusukuma mlango ukafunga, siwezi.
Fimbo ya mbali, jamani.

"Mama!" niliita,
na kule juu ya kabati sauti yangu ikatokea chini ya sufi,
nikaisikia ikinirudia, sauti ya mtu aliyezikwa haraka.
Paka alijibu.

Kumi na nne.
Nikampigia jirani, Leontine, ng'ambo ya shamba.
Haikupokewa.
Nikahesabu: ngazi tatu za nyuma, barafu,
nyonga yake ya kushoto,
zile ndara anazokataa kuzitupa.

Saa kumi kasorobo: mlango umefungwa.
Hatua. Kikohozi. Ndoo ikitua sakafuni.
"Ainars, ni wewe unayenipika? Punguza huo moto wako."
"Ulikuwa wapi?"
"Kwa Leontine. Ng'ombe wake amezaa.
Ndama ametanguliza miguu ya nyuma, kamba nimeivuta mimi."
"Alikuitaje?"
Akanyamaza, kama mtu aliyeulizwa theluji huangukaje.
"Kwa taa. Aliweka taa dirishani.
Asubuhi mimi navuta pazia, anajua nimeamka.
Akivuta yeye, najua. Mwaka wa thelathini na moja huu."
"Na mlango, Mama?"
"Kamba mkono huu, ndoo mkono huu. Ningefunga kwa meno?"

Kisha, mbali kidogo na kabati:
"Birika nani kaliwasha?"
"Mimi."
"Hm."
Nikasikia kikombe.

Akainua pembe ya shali. Kwa nukta moja nikamwona:
damu hadi kiwikoni, nywele zimefumuka,
akiinamia lile jicho la kunde
jinsi mtu anavyoinamia mtoto wa jirani aliyekuja saa ya chakula.
"Umekonda," akasema, ingawa hanioni,
akaliachia.

Nyekundu, buluu, nyekundu.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Betri ya kitambuzi cha moshi, simu ikaniarifu, inakaribia kuisha.
Niliketi nimejifunga blanketi, nikizitazama nyuzi,
zilizopanda na zilizosokotwa,
mpaka sheria iliponiruhusu kuwasha injini.